Tukimaliza Kushuti, Tuulizane Hali

Kati ya Aprili 2012 na Januari 2013 tasnia ya filamu Tanzania ilizika waigizaji mfululizo. Steven Kanumba alifariki tarehe 7 Aprili akiwa na miaka 28, na umati uliofurika viwanja vya Leaders kumuaga ulionyesha jinsi alivyopendwa. Tarehe 26 Novemba Sharo Milionea akafa kwa ajali ya gari huko Muheza, Tanga. Mwaka ulipogeuka, tarehe 2 Januari, Sajuki naye akatutoka baada ya kuugua kwa muda mrefu. Miezi tisa haikutimia.

Nchi iliwaona waigizaji wakilia mbele ya kamera za habari. Haikuona kilichofuata. Watu wa taa, washika maiki, madereva, wapishi wa lokesheni, dada wa mekapu, watu wasio na jina kwa mtazamaji, walirudi kazini macho yakiwa bado mekundu, kwa sababu nyumba ya kushutia ilikwisha kulipiwa na kamera ilikodiwa kwa siku. Sikumbuki kikao hata kimoja ambapo mtu alituketisha akauliza, jamani, mnaendeleaje? Ndugu wa marehemu walikaa matanga. Sisi tulihamia sini inayofuata.

Mimi ni mhariri wa filamu. Kazi yangu ni kukaa chumbani na picha walizopiga wenzangu, nikichagua zipi zibaki na zipi zitupwe. Mhariri huona mambo ambayo mtazamaji hatayaona kamwe. Kabla dairekta hajaamuru waanze, na baada ya kusema wakate, kamera huwa inaendelea kurekodi kwa sekunde chache, na katika sekunde hizo watu hurudi kuwa wao wenyewe. Unamwona mwigizaji aliyetoka kulia kwenye sini ya msiba. Sini imekwisha, lakini kilio hakijaisha. Kimebadilika sauti, kimeshuka tumboni, mabega yanatikisika. Nje ya picha unasikia mtu akisema kwa furaha, "Safi sana, hapo umeua! Tunahamia jikoni." Kisha picha inakatika.

Nimekutana na sekunde hizo mara nyingi kiasi kwamba nimeacha kuziona kama mabaki ya kazi. Yule mwigizaji alipoambiwa alie, aliambiwa pia amkumbuke mama yake aliyefariki, maana ndiyo njia ya haraka ya kupata machozi ya kweli pale ambapo hakuna muda wa mazoezi. Akamkumbuka. Akaingia kwenye kaburi lile kwa ajili yetu sote, na hakuna aliyepewa kazi ya kumshika mkono atoke. Katika orodha ya watu wa lokesheni kuna anayelinda nyaya, kuna anayelinda nguo, kuna anayelinda geti la nyumba ya watu. Wa kumlinda mtu hayumo.

Nilipougua mwenyewe, ugonjwa haukuanza kwa kishindo. Simu ikiita moyo unapiga kasi, hata kama anayepiga ni mama. Usingizi ukakata. Nikawa nakaa mbele ya kompyuta na picha ileile, mtu anafungua mlango, mtu anafungua mlango, nami siwezi kuamua aingie au asiingie. Chakula kikawa hakina ladha. Nikaacha kwenda kwenye harusi na misiba ya ukoo, jambo ambalo kwetu halipiti bila kusemwa. Shangazi yangu akasema nimechezewa, atafutwe mganga. Rafiki zangu wakasema ni uchovu, nikapumzike. Nami nilikuwa nikilala kitandani siku nzima, nikiamka nimechoka zaidi.

Mtu wa kwanza niliyemwambia hakuwa ndugu wala kiongozi wa dini. Alikuwa dada wa mekapu. Wanaofanya kazi hii wataelewa kwa nini. Kiti cha mekapu ndicho mahali pekee kwenye lokesheni ambapo mtu anaketi, anafumba macho, na mwenzake anamgusa uso kwa upole. Watu husema mambo pale. Alikuja ofisini kwangu kuchukua picha za kumbukumbu, akanitazama, akaweka begi lake chini.

"Mdogo wangu, umekula?"

"Sina hamu, dada."

"Na unalala?"

Nikanyamaza. Hakunihubiria. Hakuniambia kuna watu wenye shida kuliko zangu. Akasema, "Kesho hakuna kazi hapa. Tunakwenda hospitali, mimi na wewe." Na kweli asubuhi alikuwa mlangoni. Tulikaa naye kwenye benchi la kliniki ya afya ya akili tangu saa mbili, naye akanishikia nafasi kwenye foleni nilipotoka nje kutaka kukimbia. Daktari alisikiliza, akauliza maswali mengi kuhusu usingizi, chakula, na kama huwa nawaza kufa. Nikajibu ukweli. Akasema nina sonona, na kwamba inatibika. Nikaanza dawa na vikao vya mazungumzo.

Tukiwa kwenye daladala kurudi ndipo dada yule aliponisimulia yake. Alirudi kazini mapema mno baada ya kujifungua, kwa sababu tamthilia ilikuwa ikiendelea na aliambiwa wazi kwamba akichelewa atapatikana mwingine. Alikuwa akipaka watu poda huku maziwa yanamvuja na machozi yanamtoka bila sababu anayoweza kuitaja. Alijifungia chooni, analia, ananawa, anarudi. Hakumwambia mtu. Alinieleza haya bila kushusha sauti, na abiria wa jirani akageuka kutusikiliza, naye hakujali.

Sikutangaza habari zangu popote. Nilimwambia mmoja, na baadaye mwingine aliyeonekana ana dalili ninazozijua. Kila nilipofungua mlango wangu, mwenzangu alifungua wake. Mshika maiki mmoja akaniambia kwamba hawezi kupata usingizi bila pombe, kwa kuwa baada ya saa kumi na nane za kusikiliza kila pumzi kupitia vipokea sauti, kichwa hakizimi. Mwigizaji anayepewa kila mara nafasi ya mama mkwe mchawi akaniambia kwamba sokoni wanawake humtolea maneno, wengine kwa kweli kabisa, na mwanawe anaitwa shuleni mtoto wa mchawi. Watazamaji humwona jinsi alivyo hodari wa kuigiza, naye hubaki na malipo ya uhodari huo nyumbani kwake.

Baada ya kusikia simulizi hizi kwa miaka kadhaa, nimefikia neno moja la kusema, na ndilo lililonifanya niandike. Hatuugui kwa sababu sisi wasanii ni watu dhaifu au wenye hisia nyingi, kama inavyosemwa. Sehemu kubwa ya maradhi yetu inatengenezwa na namna kazi yenyewe ilivyopangwa, na kwa sababu hiyo sehemu kubwa inaweza kupanguliwa.

Hebu tutazame mpango wenyewe. Kamera, taa na jenereta hukodiwa kwa siku. Nyumba ya kushutia hukodiwa kwa siku. Kwa hiyo produsa mwenye bajeti ndogo anabana sini nyingi katika siku chache, na siku inakuwa ndefu hadi inakutana na ya pili. Zamani filamu iliuzwa jumla kwa msambazaji wa kanda na baadaye DVD, na mwigizaji au fundi alipewa nusu ya fedha mwanzoni. Nusu nyingine ilisubiri mzigo uuzwe. Wapo waliosubiri hadi wakasahau. Soko la DVD likadidimia, na kuanzia miaka ya 2010 televisheni za kulipia zikawa mnunuzi mkubwa. Maisha Magic Bongo ilianza mwaka 2015, nayo Azam ikaja na Sinema Zetu. Kazi zikaongezeka, nami nashukuru, maana zinalisha familia nyingi, yangu ikiwemo. Lakini tamthilia inayoruka hewani siku kadhaa kwa wiki ni mdomo usioshiba. Anayeugua leo anaacha pengo hewani wiki ijayo. Na kwa kuwa wengi wetu hatuna mkataba wa maandishi, hakuna anayefukuzwa; simu tu inaacha kuita. Hofu ya simu isiyoita ndiyo inayowafanya watu wafiche maradhi, na wazee walishasema mficha maradhi kilio humfichua.

Ninayoyasema yametokea pia katika nchi zenye fedha kuliko sisi. Mwaka 2017 huko Uingereza, msimamizi mmoja wa maeneo ya kushutia, aliyewahi kufanya kazi kwenye filamu za Harry Potter, alijiua. Alimwachia mwenzake wa kazi barua akieleza kwamba katika tasnia yao mtu anayezidiwa hana pa kukimbilia, akamwomba ajitahidi kulibadilisha hilo. Mwenzake yule hakuishia kulia. Alishirikiana na shirika la hisani la watu wa filamu na televisheni, lililokuwepo tangu mwaka 1924, na mwaka 2018 ikafunguliwa namba ya simu inayopokelewa saa 24 kwa ajili ya watu wa kazi hii. Mwaka 2019 wakafanya utafiti uliojibiwa na watu zaidi ya 9,000. Asilimia 87 ya waliojibu walisema wamewahi kupata tatizo la afya ya akili, wakati kwa Waingereza wote kwa jumla ni asilimia 65. Zaidi ya nusu waliwahi kufikiria kujiua. Mmoja kati ya wanane alikuwa akifanya kazi zaidi ya saa 60 kwa wiki, ilhali katika nchi nzima ni mmoja kati ya 50.

Tarakimu hizo si zetu, na mtu anayeumia ndiye mwepesi wa kujibu dodoso kama lile. Hata ukizipunguza kwa nusu bado zinatisha. Kinachonigusa zaidi ni safari ya ile barua. Simulizi ya mtu mmoja ilimfikia mtu mmoja, ikaingia kwenye chombo chenye uwezo wa kutenda, ikatoka ikiwa namba ya simu ambayo fundi wa taa anaweza kuipiga saa tisa usiku. Iliwawahi wengine, japo haikumwahi mwenyewe.

Linganisha na tunavyofanya huku kwetu. Mtu wa filamu akizidiwa, tunamsukuma mbele ya kamera asimulie. Mapema mwaka 2021 huko Kenya, Joseph Kinuthia, ambaye wengi tunamjua kama Omosh wa tamthilia ya Tahidi High, alijitokeza akaeleza kwamba kazi zimekatika, kodi ya nyumba imemlemea na maisha yamemshinda. Wakenya wakachanga kwa moyo mweupe. Miezi michache baadaye alipoeleza kwamba hali bado ni ngumu, wengi wakamgeuka, wakamtukana, wakamwita mlevi asiyeshiba. Mchango ulikuwa wema wa kweli, na sitaki kuupunguza thamani. Ila umma unachangia mara moja, na maradhi hayaondoki kwa mara moja. Mtu mwenye sonona au uraibu wa pombe anaanguka, anainuka, anaanguka tena kabla ya kusimama. Watazamaji wamezoea hadithi inayoisha vizuri baada ya saa moja na nusu, na mgonjwa asipoisha vizuri wanaona wameibiwa.

Ndiyo maana nawaambia vijana wanaoingia kwenye kazi hii wasianzie kwenye maiki ya mtangazaji. Sisi tumefundishwa kwamba kila kinachouma ni mali ya sini, na tunaweza kuuza hata kilicho kidonda kibichi bila kujua. Anzia kwa mtu mmoja. Nenda kwa daktari. Ukishapona kiasi cha kusimama, ukataka kuusimulia ulimwengu, simulia, na itasaidia wengi. Mtangazaji akishazima taa zake anakwenda kwake kulala, nawe unabaki na maoni ya watu elfu kwenye simu yako.

Kuna jambo jingine linalotufunga midomo, nalo tumelishona kwa mikono yetu. Mtazame mhusika mbaya wa filamu zetu nyingi. Ameua, ameroga, amedhulumu mali ya yatima. Dakika za mwisho anatokea barabarani nywele zimetimka, nguo zimechanika, anaokota jalalani. Amepata kichaa, hiyo ndiyo adhabu yake, na filamu inaisha watu wakipiga makofi. Sini za namna hiyo zimepita mikononi mwangu zaidi ya ninavyoweza kukumbuka. Fundi anayemulika sini ile, naye usiku anahisi akili yake haimtii, atathubutu vipi kusema? Mirembe kule Dodoma, Mathari kule Nairobi, Kidongo Chekundu kule Unguja ni hospitali zinazotibu watu wakarudi kwa familia zao, lakini mitaani majina yake yamegeuzwa kuwa matusi, na matusi hayo tumeyaandika kwenye skripti. Tunaweza kuandika vingine. Mkenya Mbithi Masya alitoa filamu ya Kati Kati mwaka 2016, inayohusu watu waliokufa wakiwa na mizigo isiyotuliwa, na aliwapa wahusika wake heshima yote wanayostahili. Mtazamaji anatoka pale akiwaza habari za nafsi yake badala ya kumcheka mtu.

Sheria nayo imo katika kutufunga midomo. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinafanya kujaribu kujiua kuwa kosa. Kenya walikuwa na kifungu kama hicho, cha 226, na Januari 2025 Mahakama Kuu yao ikaamua kwamba kinakwenda kinyume cha Katiba. Ghana walibadilisha sheria yao mwaka 2023. Mwenzangu aliyeokolewa usiku mmoja na mpangaji wa chumba cha pili aliniambia kwamba alipozinduka hospitali, kitu cha kwanza alichokiogopa ni askari. Alidanganya kwamba alikosea dawa. Daktari akatibu uongo ule, akamruhusu. Msaada aliouhitaji ulikuwa chumba cha jirani kwenye jengo hilohilo, naye hakuufikia kwa sababu kusema kweli kungekuwa kukiri kosa. Sheria inayomzuia mgonjwa kumwambia daktari ukweli inapaswa kuondolewa, na vyama vya wasanii, vyenye sauti kubwa kuliko watu wengi nchini, vingekuwa vya kwanza kulidai hilo bungeni.

Sidai kwamba kusimulia kunaponya. Kwangu mimi kilichoniponya ni matibabu, muda, na kupunguza saa za kazi, na zipo siku ambazo moyo unaanza tena kukimbia simu ikiita. Simulizi ilifanya jambo dogo na la lazima: ilinitoa chumbani, ikaniweka kwenye benchi la kliniki. Ilinionyesha pia kwamba maradhi niliyodhani ni aibu yangu binafsi yalikuwa yametapakaa kwenye lokesheni nzima, kuanzia kwa mwenye jina kubwa hadi kwa dereva anayelala kwenye usukani akisubiri tumalize.

Kwa hiyo nawaomba maprodusa, tena kwa heshima, maana wengi wenu mnaugua pia kwa madeni na presha za televisheni. Mnapoandika bajeti ijayo, andikeni saa ya mwisho ya kazi na muiheshimu. Wekeni tarehe ya malipo kwenye karatasi, mtie saini ninyi na mfanyakazi. Kila sini nzito ya kifo, ubakaji au kipigo ipangiwe muda wa kupumua baada yake, na mteueni mtu mmoja, hata kama ni dada wa mekapu, ambaye kazi yake inayotambuliwa na kulipwa ni kumketisha mwigizaji na kumuuliza anaendeleaje. Ukitokea msiba ndani ya kundi, simamisheni kazi siku moja watu walie pamoja. Hasara ya siku moja inalipika.

Nawe fundi, mwigizaji, mpishi au mhariri unayesoma haya huku ukijua kwamba ni zaidi ya uchovu, usisubiri tamthilia iishe. Haiishi, baada yake itakuja nyingine. Chagua mtu mmoja unayemwamini, mwambie leo, na umwombe akusindikize hospitali.